Kidole gumba cha fundi simu: uchambuzi wa kisa kimoja cha mkono ulioumia kwa gemu ya kushika

Mgonjwa ni kijana wa miaka 24, fundi simu mwenye meza yake jirani na soko la Mwanjelwa, jijini Mbeya. Mkono anaoutumia zaidi ni wa kulia. Alikuja katikati ya Julai analalamikia wa kushoto, na alipoulizwa maumivu yako wapi alionyesha kwa kidole kimoja bila kusita: kwenye kinundu cha mfupa kilicho upande wa gumba, pale kifundo cha mkono kinapoanza. Alikuwa hawezi kufungua kifuniko cha chupa ya maji. Kuinua birika la chai kwa mkono huo kulimfanya aume meno. Juu ya hayo, usiku kidole chake kidogo na nusu ya kidole cha pete vilikuwa vinakufa ganzi, anaamka kuukung'uta mkono, kisha analala tena.

Alisindikizwa na mama yake, aliyekuwa amepanda gari kutoka Mbozi siku hiyohiyo. Mama alitoa hukumu kabla hajakaa vizuri. "Dokta, huyu tatizo lake ni hilo ligemu. Wewe mwambie tu aliache." Kijana akajibu kwa heshima, macho chini: "Mama, si gemu. Ni yale mahindi." Alimaanisha mahindi ya nyumbani aliyokwenda kusaidia kupukuchua mwanzoni mwa Julai.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Kisa hiki nakieleza kwa ruhusa yake, bila jina, kwa sababu vijana wengi wenye mikono ya namna hii hupewa neno moja tu, "acha", wakaondoka nalo, wakaendelea kucheza kwa kificho. Naliona neno hilo kuwa tiba mbovu. Kilichomuumiza kijana huyu ni kazi ya kubeba kifaa na kukibana kwa saa nyingi, na kazi hiyo inaweza kutolewa mkononi na gemu ikabaki.

Maelezo yake, mara mbili

Mbele ya mama alisema anacheza "lisaa limoja hivi". Baadaye nilimwomba mama asubiri nje kidogo, nikamuuliza upya: "Mdogo wangu, sikukatazi kitu. Niambie jana ulianza saa ngapi na ukaacha saa ngapi." Alianza saa tatu usiku baada ya kufunga kazi na kula. Aliacha saa saba kasoro. Na jana haikuwa siku ya pekee.

Nimelitanguliza hili kwa makusudi. Kama ningeandika "saa moja" kwenye faili, ningemtafuta mchawi kwenye bisibisi na kwenye mahindi, na konsoli, yaani kifaa chake cha kuchezea gemu, ingebaki imelala salama chini ya mto. Mgonjwa anayeogopa kunyang'anywa kitu chake hutoa maelezo ya kukilinda. Wazazi watanisamehe, lakini ukali wao huharibu kipimo cha kwanza na cha muhimu kuliko vyote, ambacho ni mazungumzo.

Kifaa chenyewe ni Nintendo Switch ya toleo la 2017, aliyoinunua mtumba mwezi Mei kwa dereva wa malori ya Tunduma. Anacheza gemu ya mpira karibu muda wote. Anacheza kitandani, amelalia ubavu wa kushoto, kiwiko kimekunjwa na kukandamiza godoro, blanketi hadi shingoni. Mbeya iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,700, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Asiyewahi kulala huku miezi hiyo ataona ni uvivu kucheza ndani ya blanketi. Wenyeji tunajua kwamba hakuna mahali pengine pa kukaa.

Maumivu yalianza lini? Yeye alishikilia mahindi. Mama, nilipomrudisha ndani, alikumbuka jambo bila kujua uzito wake: mwishoni mwa Juni, kabla ya kupukuchua, kijana alikuja Mbozi kusalimia na akashindwa kubeba ndoo ya maji kwa mkono wa kushoto, akahamishia wa kulia. Kwa hiyo mkono ulikuwa unauma tayari. Siku alizoshinda akisukuma punje kwa gumba ziliuchochea, lakini hazikuuanzisha.

Alichokwisha kufanyiwa

Jirani alikuwa anamchua kila jioni kwa maji ya moto na dawa ya kuchua, akikandamiza hasa pale panapouma ili "kuvunja uvimbe". Ngozi ya hapo ilikuwa imechubuka. Sehemu ambayo tayari inasuguliwa kwa ndani ilikuwa inasuguliwa na kwa nje, na haishangazi kwamba asubuhi zilikuwa mbaya zaidi kuliko jioni. Pia alikuwa anameza diklofenaki, dawa ya maumivu, kutoka duka la dawa, asubuhi, na chai ya rangi tupu. Tumbo lilikuwa limeshaanza kuwaka. Nilimwambia asitishe vidonge hivyo na amwone daktari kwa ajili ya tumbo. Dawa za jamii hiyo zina nafasi yake kwa siku chache, juu ya chakula, kwa mtu asiye na vidonda vya tumbo wala shida ya figo.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili lilinitisha kuliko mkono wenyewe. Ili vidole visigande, alikuwa anaingiza jiko la mkaa chumbani, mlango na dirisha vikiwa vimefungwa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala humo wasiamke. Mkono wa gemu haujawahi kuua mtu. Jiko la chumbani linaua familia nzima. Tulikubaliana hilo kwanza, ndipo tukaendelea.

Uchunguzi

Kwa macho: uvimbe mdogo juu ya kinundu, hakuna wekundu wala joto, msuli kati ya gumba na kidole cha shahada umejaa kama kawaida pande zote mbili. Hakuanguka na pikipiki wala kujigonga. Nilibonyeza kile kijishimo kinachotokea chini ya gumba mtu akilinyoosha, maana mtu aliyeanguka akiumia hapo mfupa mdogo wa kifundo unaweza kuwa umepasuka. Hapakuuma. Nilizungusha kiungo cha chini kabisa cha gumba huku nikikisukuma ndani. Hapakuuma na hapakukwaruza. Nilipanda sentimita chache juu ya kifundo, mahali ambapo kano za gumba hupishana na zile zinazoinua kifundo, kutafuta ile hali ya kukwaruza kama ngozi mpya ya viatu. Hakuna.

Nilipogusa kinundu chenyewe aliruka.

Kisha kipimo cha Finkelstein, daktari wa upasuaji wa New York aliyekieleza mwaka 1930. Nilishika gumba lake na kuuvuta mkono taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Maumivu yaliyotoka ni yaleyale anayoyajua, palepale. Upande wa kulia, kwa mvuto uleule, alihisi tu kukazwa. Kuna namna nyingine inayosambaa sana mitandaoni, ya kufumbata gumba ndani ya ngumi kisha kupinda kifundo. Hiyo huuma hata kwenye mikono mizima, kwa hiyo usijihukumu nayo nyumbani, na usiivute kwa nguvu. Linganisha mikono miwili kila mara.

Jibu la sehemu ya kwanza lilikuwa wazi: ugonjwa wa de Quervain, uliopewa jina la daktari wa Uswisi, Fritz de Quervain, aliyeandika kuuhusu mwaka 1895. Kano mbili zinazolinyanyua gumba na kulitanua hupita pamoja ndani ya ala nyembamba juu ya kinundu kile. Zikifanyishwa kazi mno, tena kifundo kikiwa kimepinda, ala hunenepa na njia hubana. Waya wa breki ya baiskeli uko hivyohivyo ndani ya bomba lake: bomba likipindwa vibaya, kila breki ni msuguano. Huku kwetu wagonjwa wengi wa ugonjwa huu ni kina mama wanaonyonyesha, wanaomnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, gumba limetanuka na kifundo kimelegea chini. Kijana wa kiume wa miaka 24 si sura ya kawaida, na hiyo peke yake inatosha kuuliza anashika nini kwa muda mrefu.

Sehemu ya pili, ganzi, ilikuwa na mtego. Mtu akisema mkono unakufa ganzi usiku, wengi hukimbilia mshipa wa fahamu unaopita katikati ya kifundo. Lakini ule hugusa gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Huyu ganzi yake ilikuwa upande wa pili, kidole kidogo na nusu iliyobaki ya cha pete, na vidole hivyo hupokea hisia kutoka kwenye mshipa unaopita nyuma ya kiwiko, ule tunaougonga kwa bahati mbaya na mkono mzima ukapigwa shoti. Nilikunja kifundo chake kwa dakika moja: hakuna kitu. Nilikunja kiwiko chake kabisa kwa dakika moja: kidole kidogo kikaanza kuwashawasha. Nguvu za kutanua vidole zilikuwa nzima. Kwa hiyo kwenye mkono mmoja alikuwa na matatizo mawili, moja la gumba na moja la kiwiko, na yote mawili yalikuwa kwenye mkono usioshika bisibisi.

Nilipomwomba acheze mbele yangu

Safari ya pili nilimwambia aje na konsoli. Nawasihi wenzangu wa tiba wafanye hivi, maana dakika kumi za kumwangalia mtu akicheza zinafundisha kuliko picha ya eksirei, ambayo kwa ugonjwa huu mara nyingi haionyeshi kitu.

Kwanza niliinyanyua. Switch ya 2017 na vishikio vyake viwili ina uzito wa karibu gramu 398. Ya kwake ilikuwa na pawabenki mgongoni, imefungwa kwa mpira wa manati, kwa sababu betri ya toleo hilo hudumu kati ya saa mbili na nusu na sita na nusu kutegemea gemu, na soketi ya chumba chake iko mbali na kitanda. Kwenye mizani mzigo mzima ulipita gramu 600. Hapo nikapata jibu la swali lililokuwa linamsumbua: "Mbona PSP nimecheza tangu sekondari na sikuwahi kuumwa?" PSP ni konsoli nyingine ya kushika, na PSP-3000 aliyokuwa nayo ina gramu 189. Alikuwa amebadilisha mzigo ukawa mara tatu, na saa za kucheza zikaongezeka kwa sababu sasa hakuna mwalimu wa bweni.

Kisha nikatazama mkono wa kushoto. Switch ina upana wa milimita 239, chini ya upana wa mabega yake. Mikono inatoka kwenye viwiko ikielekea ndani, halafu viganja vinalazimika kunyooka mbele kukishika kifaa. Matokeo yake kifundo kinapinda kuelekea kidole kidogo. Mwili wa kifaa ni bapa, milimita 13.9 tu, hauna kitu cha kujaza kiganja, kwa hiyo vidole vitatu vya chini vinabana na kidole kidogo kinajikunja chini kama kibao cha kuegemea. Gumba nalo liko juu. Kwenye kishikio cha kushoto kijiti kimewekwa upande wa juu, na katika mpira kijiti hicho ndicho kinachomkimbiza mchezaji, hakiachwi tangu filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Gumba limenyanyuliwa, limetanuliwa, linasukuma mbele.

Nilikaa nikiangalia picha hiyo na nikaitambua. Gumba limekazwa, kifundo kimepinda upande wa kidole kidogo: ni mkao uleule niliouweka mkono wake wakati wa kipimo cha Finkelstein. Mimi niliushika kwa sekunde chache akapiga kelele. Yeye huukaa kwa saa nne, chini ya gramu 600, kwenye baridi.

Kulikuwa na kitu kingine ambacho nisingekijua bila kuona. Alipoachia kijiti, mchezaji wa kwenye skrini hakusimama. Aliendelea kutambaa polepole kuelekea kulia. Kijiti kilikuwa kimechoka kwa matumizi ya mwenye nacho wa kwanza. Kijana alikuwa amezoea kukirudisha kwa gumba muda wote bila hata kufikiri, na ukucha wake ulikuwa umebadilika kuwa mweupe kwa kubonyeza. Yaani hata mpira ukiwa nje, hata mechi ikiwa imesimama, gumba lilikuwa kazini. Tafiti za Cooney na Chao za mwaka 1977 zilikadiria kwamba nguvu ya kilo moja kwenye ncha ya gumba inapobana hufika kama kilo 12 kwenye kiungo chake cha chini. Kubonyeza kidogo juu kabisa, huko chini ni kazi kubwa.

Nilimuuliza kwa nini yeye, fundi, hajakibadilisha. Akasema kifaa cha kubadilishia anasubiri kije kutoka Kariakoo, na kazi za wateja huja kwanza.

Kumgawia kila mshukiwa haki yake

Bisibisi iliondoka mapema, maana inakaa mkono wa kulia na mkono huo haukuwa na kitu. Lakini nisingeiachia kazi yake yote. Mkono wa kushoto ndio unaobana simu wakati wa kulia unafungua, na nilipomwomba aniigizie, alibana kwa gumba na shahada kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Hapo mchana ulikuwa unaongezea deni la usiku.

Mahindi niliyaeleza. Kupukuchua kwa mkono ni kazi ngumu ya gumba na kila msimu wa mavuno tunaona mikono yake, ila hutokea pande zote mbili, na kwa huyu upande wa kulia ulibaki mzima. Baridi sikuihesabu kama chanzo. Inakaza vidole na kupunguza wepesi wake, mtu anabana zaidi ili kuhisi kitufe, na zaidi ya yote ndiyo iliyompeleka kulala juu ya kiwiko.

Gemu yenyewe, je? Mwaka 1990 daktari Richard Brasington aliandika katika jarida la New England Journal of Medicine kuhusu mwanamke wa miaka 35 aliyecheza Nintendo saa tano mfululizo, gumba la kulia likamuuma vibaya. Ile ilikuwa pedi ya waya, nyepesi, isiyobeba skrini, na vitufe peke yake vilitosha kumuumiza. Kwa hiyo siwezi kuvisafisha vitufe kabisa. Ninachosema ni kwamba kwa kifaa cha kushika, vitufe huja juu ya mzigo, na mzigo ndio ulio rahisi kuuondoa.

Matibabu

Wiki ya kwanza nilimwomba asiguse kijiti cha kushoto hata kidogo. Alikubali bila kunung'unika, nadhani kwa sababu aliambiwa itaisha lini. Nilimfunga banzi linaloshika kifundo na sehemu ya chini ya gumba, ncha ikiwa huru ili aweze kula na kushika karatasi. Banzi mchana na usiku kwa wiki tatu, linatoka wakati wa kuoga na kwa mazoezi mepesi ya kulizungusha gumba bila nguvu. Kuchuliwa kukaachwa. Usiku alizungusha taulo kwenye kiwiko na kulifunga kwa kitambaa laini, lisibane, ili kiwiko kisijikunje kabisa usingizini.

Sehemu niliyoifurahia ni ya kupanga upya uchezaji, kwa sababu hapo kijana alikuwa mwalimu na mimi mwanafunzi. Vishikio vya Switch vinachomoka. Kila kimoja, kikiwa peke yake mkononi, kina takribani gramu 50. Skrini inabaki mezani, kiganja cha kushoto kinashika kitu chepesi kama kiberiti kilichojaa, na mikono inaweza kukaa mbalimbali, kila mmoja juu ya paja lake, viganja vikitazamana na gumba likiangalia juu. Kifundo kinanyooka chenyewe. Mkao wote mbaya nilioueleza juu unavunjika kwa kusukuma kitufe kimoja na kuchomoa.

Kikwazo kilikuwa mguu wa kuisimamishia. Wa toleo la 2017 ni mwembamba, uko pembeni, na ukiguswa kifaa kinalala. Akapita kwa fundi seremala, akachongewa kibao chenye mfereji wa mlalo, skrini inakaa imeegemea nyuma kidogo. Kibao kiko juu ya kreti la soda lililogeuzwa, usawa wa kifua. Pawabenki ikahamia chini ya kreti na waya mrefu. Kijiti kilipofika kutoka Dar es Salaam alikibadilisha mwenyewe usiku uleule, na siku iliyofuata alinipigia simu kuniambia mchezaji sasa anasimama akiambiwa simama.

Baridi tuliitatua kwa kumkalisha. Mgongo kwenye ukuta, mto nyuma ya kiuno, blanketi mabegani na miguuni, viwiko vimepumzika juu ya mto mwingine mapajani na havikunjwi zaidi ya pembe mraba. Glavu za sufu zilizokatwa vidole. Kabla ya kuanza, mikono ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha ikaushwe vizuri.

Kwa muda wa kucheza sikutumia saa ya ukutani. Kijana aliyefungwa mawili kwa moja hatazami saa. Mechi zake amezipanga vipindi viwili vya dakika 6, basi kipimo kikawa mechi: ikiisha, vishikio vinawekwa chini, mikono inafunguliwa na kufumbwa, anasimama. Kuanzia wiki ya pili mechi tatu kwa jioni. Kila wiki isiyo na maumivu ya asubuhi, anaongeza moja. Kigezo chetu kilikuwa asubuhi, kwa sababu wakati wa kucheza raha na ushindani hufunika maumivu, na mkono husema ukweli ukiamka.

Wiki ya tatu tulianza kurudisha nguvu. Kwanza kulisukuma gumba dhidi ya mkono mwingine bila kulisogeza. Baadaye ule mpira wa manati uliokuwa umefunga pawabenki ukapata kazi mpya: anauzungusha kwenye gumba na vidole, anatanua, kisha anarudi polepole kuliko alivyokwenda. Mwisho chupa ya maji ya nusu lita, mkono ukingoni mwa meza, gumba juu, anaishusha na kuipandisha kwa kifundo. Maumivu kidogo yanayotulia kabla ya kulala yaliruhusiwa. Yanayolala naye, hapana.

Mezani kwake Mwanjelwa alinunua kishikio cha chuma cha kubana simu. Mkono wa kushoto sasa unaelekeza tu.

Yaliyofuata

Ganzi ndiyo iliyoondoka kwanza, kabla ya banzi kutoka. Gumba lilichukua muda zaidi. Kufikia wiki ya sita alikuwa anafungua chupa, anainua birika, na kipimo cha Finkelstein kilileta hisia ya kukazwa inayokaribiana na ile ya kulia. Kisha mwishoni mwa Agosti akalala kwa rafiki yake Ilomba, wakacheza konsoli ya rafiki hadi usiku mkubwa, imeshikwa mkononi, hakuna kibao wala kreti. Aliamka na maumivu yaleyale. Alirudisha banzi, akapumzika siku chache, yakashuka. Sikumlaumu. Kwa upande wa uchunguzi lilikuwa jambo lenye maana kubwa: wiki hizo alikuwa anacheza jioni nyingi mezani bila shida, na usiku mmoja wa kushika ulitosha kumrudisha.

Kama wiki sita zingepita bila nafuu ningempeleka kwa daktari kwa sindano ya steroidi ndani ya ala, ambayo huwasaidia wengi, hasa ikienda pamoja na banzi. Lakini mgonjwa aambiwe kabla kwamba sindano hiyo inaweza kufanya ngozi ya hapo iwe nyeupe na mafuta ya chini yake yapungue. Kwenye ngozi zetu doa hilo huonekana kwa mbali na linaweza kukaa miezi. Wachache ambao hata sindano haikuwasaidia hufanyiwa upasuaji mdogo wa kuifungua ala. Na wapo wasiopaswa kusubiri mazoezi yoyote: aliyeanguka na ana maumivu kwenye kile kijishimo cha gumba, mwenye mkono uliovimba, mwekundu, wa moto pamoja na homa, mwenye ganzi isiyokatika mchana na usiku au msuli unaopungua, na anayeamka na viungo vingi vimekakamaa. Hao waende hospitali wiki hiyohiyo.

Mama alipiga simu Septemba kuuliza kama kijana ameacha gemu. Nilimjibu kwamba hajaacha, ila amekaa vizuri, na mkono unabeba ndoo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Haya, ndoo ndiyo niliyokuwa nataka."

Kijana naye ameshanitumia picha ya Steam Deck, konsoli nyingine ya kushika, anauliza kama anunue. Mishikio yake ni minene, inajaza kiganja vizuri kuliko Switch, na hilo ni jema. Lakini toleo la kwanza lina gramu 669, na vishikio vyake havichomoki. Nilimwandikia: akiipata, pedi pembeni, skrini kwenye kile kibao, na fundi seremala aupanue mfereji.